Takataka Tulizozipeleka Matema

Shikamoo dada Tusa,

Natumaini mvua ya Tukuyu imewaachia hata nguo moja kavu. Huku Matema ni jua, na kila siku wali na samaki mbasa.

Unajua tulikuja kurekodi video ya mashindano ya shule, ya kulinda mito na ziwa. Neema, kiongozi wetu, alitaka ufukwe mchafu. Tukaukuta umefagiliwa. Basi akaagiza kiroba cha takataka kutoka sokoni Kyela, tukazipanga mchangani, chupa huku, mifuko kule. Kabla mwalimu aliyetuleta hajawasha kamera ya simu yake, upepo ukazisukumia ziwani.

Mama mmoja Mkisi, aliyekuwa akianika vyungu, akatutazama tukiingia majini na sare.

“Mmetoka wapi?”

“Tukuyu, mama.”

“Kwenu hakuna pa kutupa?”

Mama akakaza kitenge chake, akaingia kutusaidia mpaka kiroba kikajaa tena. Tukamshukuru, ndaga fijo. Neema akamwomba aseme neno kwenye video.

“Nitasema,” akajibu, “lakini kwanza semeni takataka zimetoka wapi.”

Neema akasimama mbele ya simu, sare ikichuruzika maji, akasema, “Hizi ni zetu. Tulizileta sisi.” Mama akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye vyungu vyake bila kuongeza neno.

Hiyo ndiyo video tuliyotuma. Ni fupi.

Jifunike vizuri na baridi hiyo, dada. Nimekukumbuka.

Mdogo wako,
Lusajo