Mawe Uliyokuja Nayo Ndani ya Lori

Shangazi yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo nitakusikia ukisema, "Huyu darasa la tano lilimwishia miguuni, kichwani halikufika." Basi nimekusalimu. Na ujue kuwa mwandiko huu ni mzuri kuliko wa katibu wa kijiji. Si mimi ninayesema, ni wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima. Ndiyo, wazee wenye mvi wananiita mwalimu. Cheka tu, hakuna anayekuona.

Naandika nimekaa kwenye kigoda chako, uani kwako. Mama Anastazia yuko nyuma yangu anachambua kunde na kuimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ile uliyokuwa ukisema inafukuza kuku. Hajui naandika nini. Hajui kwamba kesho, baada ya sala ya Ijumaa, baba na wazee wa ukoo wanakuja kumtoa humu ndani. Wala hajui kwamba aliyetumwa kumtangulizia habari hiyo ni mimi.

Siku ya maziko yako ungefurahi, Shangazi, maana ulipenda kusifiwa, usibishe. Mwenyekiti alisimama akasema kijiji kimepoteza mtetezi wa wanyonge, akajifuta macho kwa kofia yake. Baba alilia mpaka akashikwa. Mimi sikulia. Nilikuwa mbele kabisa ya jeneza, bega langu ndilo lililobeba, waulize. Kisha arobaini ikasomwa, na sahani za pilau hazijaoshwa, baba akanivuta pembeni.

"Nyumba ya dada yangu haiwezi kukaliwa na mke wa manamba," akasema. "Wewe ndiye mwanamume. Ingia, uoe."

"Na Mama Anastazia aende wapi?"

"Alikotoka. Si kuna mkonge Korogwe?"

Mwenyekiti alikuwa karibu, anachokonoa meno. Akasema viwanja kijijini vimekwisha. Kofia ni ileile, Shangazi.

Sasa usinikunjie uso, nikwambie ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Unamjua baba yake Zaina wa Makuyuni. Alishaniambia hamtoi mwanawe akalale kwenye chumba cha mikeka na wadogo zangu. Hapa pana vyumba viwili, mlango wa mninga, na bomba la maji liko hapo tu. Usiku ule nilishajiona nimekaa barazani kama bwana mkubwa.

Nikaja leo asubuhi kumwambia. Nikakuta jikoni kwako mafiga yako matatu yamekaa baridi, majivu yamefagiliwa, na yeye anapikia kwenye mafiga yake kule kona. Hajayagusa yako tangu uondoke. Nikashindwa kufungua mdomo. Mimi! Mdomo huu huu!

Nikakumbuka siku serikali ilipotuhamishia kijijini hapa. Watu walipakia vitanda, mbuzi, milango. Wewe ulipanda juu ya lori la serikali umepakata mawe matatu ndani ya kanga, meusi kwa masizi, utadhani unabeba mapacha. Nikakutania, "Shangazi, huko tuendako hakuna mawe?"

"Mawe yapo," ukasema. "Haya ndiyo yanayonijua."

Nilicheka njia nzima. Lori likiruka kwenye mashimo wewe unayashika, nami nacheka.

Sikucheka tulipofika. Unakumbuka wale wajane wa mkonge? Waume zao walikuwa manamba, waliletwa kutoka mbali kukata katani, wakafia huko huko kambini. Wao wakaambiwa waje kijijini, kila mtu atapata ardhi. Walipokuja wakaambiwa kiwanja ni cha mwenye mume, au mwenye wazee wake hapa. Mama Anastazia wa Songea, angemtoa wapi mzee wa Kizigua? Walikaa chini ya upenu wa ghala, mvua inawapiga, na watu wazima wenye masikio wanapita.

Ulikwenda ofisini ukarudi. Ukaenda tena ukarudi. Halafu ukaacha kwenda, nikadhani umechoka. Kumbe ulikwenda ghalani ukamshika Mama Anastazia mkono, ukampeleka katikati ya kiwanja kitupu, ukamwambia apange mafiga na awashe moto. Juu ya ardhi tupu, hata mti mmoja hakuna! Kila mtu kwetu anajua: mtu hahamishwi mpaka mafiga yake yatoke, na mafiga hayatolewi yakiwa ya moto. Anayeng'oa figa chini ya sufuria ya mwenzake amemwombea kifo mchana kweupe.

Mwenyekiti akaja na mgambo wenye fimbo. Wakaufikia moto, wakasimama.

"Mwanaidi, unanichezea?"

"Sikuchezei, mwenyekiti. Nakupikia."

Ukamwekea ugali na mlenda kwenye sahani, kijiji kizima kimejaa kutazama. Uso wake! Asipokula, amedharau chakula. Akila, hawezi tena kumfukuza aliyemlisha. Alikula, tena kwa hasira, na alipomaliza akanawa na kusema wajane wote wapimiwe viwanja. Mama Anastazia alipopata chake akampa mjane mwingine mwenye watoto wengi, akaja kukaa nawe. Miaka yote mkigombana juu ya chumvi.

Ndiyo maana nimeshinda hapa nikipasua kuni badala ya kutoa habari. Kuni za mgunga, nene, zile zisizozimika haraka. Nimepasua vizuri, usiseme napasua kama mtu anayeua nyoka.

"Mama," nimemwambia sasa hivi, "kesho pika mapema. Na upike kingi."

"Kuna wageni?"

"Wa Shangazi."

Ameacha kunde zake akanitazama. "Wanakuja kula," akauliza, "au wanakuja?"

Nikainamia karatasi yangu. Akajifuta mikono kwenye kanga, akarudi kuchambua. Hajaimba tena.

Naogopa, Shangazi. Mwenyekiti alikula kwa sababu alikuogopa wewe. Mimi nani ananiogopa? Baba anaweza kuisukuma sahani. Siku hizi kuna watu wanaruka moto wa mwenzao kama wanaruka mfereji. Na Zaina nitamwambia nini, kwamba nilipewa nyumba nikaikataa kwa sababu ya kunde? Wewe ungekuwepo ungesema neno moja na mambo yakaisha. Umetuachia hitima na sifa, neno lile umeondoka nalo.

Lakini nimefanya jambo moja, na kama nimekosea nitokee ndotoni unitukane. Nimeyatoa mafiga yako kule yalikokaa baridi. Nimeyapanga chini ya sufuria ya Mama Anastazia, na nimewasha moto mwenyewe. Baba akitaka kumtoa, atainama ang'oe kwa mkono wake mawe ya dada yake, yakiwa ya moto, nami nimekaa papa hapa kwenye kigoda namtazama.

Lala, Shangazi. Moto nitaukeshea mimi.

Mtoto wa kaka yako, yule mwenye mdomo