Yangeyange Hawakutua kwenye Matete

Jumanne. Mvua imekatika tangu jana na jua limewaka kutwa, lakini mimi nasikia baridi.

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni alizonifundisha baba, maana askari wa Kireno hawazisomi. Magharibi inaingia. Maji yako jikoni, bado sijatia unga.

Leo na kesho ni zamu yangu ya kuamia mpunga kule bwawani. Tangu walipotuhamishia ndani ya seng'enge, tunatoka asubuhi kwa guia, cheti chao cha ruhusa, na kurudi kabla jua halijazama. Mlangoni wanapekua vikapu. Chakula cha mtu mmoja, basi, wasije watu wa msituni, wanaopigana na Wareno, wakashiba kwa mikono yetu. Nikapanda dunguni na kombeo langu. Kwelea walishuka kama moshi. Vitwitwi wamebaki wachache matopeni, na korongo wanazunguka juu kabisa wakijikusanya kwenda zao. Siku nyingine ningefurahi. Nawapenda ndege, ingawa kazi yangu ni kuwafukuza.

Leo niliwatazama yangeyange tu.

Kila walipotaka kutua kwenye matete ya upande wa mikoko, waligairi wakapaa tena. Aliyeamia huko tangu utotoni anajua maana yake: pale chini pana mtu. Nami nilijua ni nani. Ijumaa binamu yangu alininong'oneza kisimani kwamba mdogo wangu Ansumani, aliyejiunga na watu wa msituni, amevuka Ruvuma, mguu umemvimba, amejilaza kwenye matete mpaka wenzake waje kumchukua.

Miaka miwili sijamtia machoni. Leo alikuwa hatua mia kutoka dunguni na sikuthubutu hata kukohoa.

Kabla ya adhuhuri wakaja askari watatu, na Fakihi mbele yao. Fakihi ni sipai, anawatumikia Wareno, lakini ni mtoto wa hapa hapa. Tumeamia pamoja tukiwa wadogo. Alisimama chini ya dungu akayatazama matete kwa muda mrefu.

"Da' Mwanaisha, mbona ndege hawatui pale?"

"Pana kiboko," nikasema. "Kazaa."

Ulimi hauna mfupa. Papo hapo nikajua nimejimaliza. Kiboko hamtishi yangeyange. Yangeyange humpanda mgongoni akatembezwa kama bwana harusi. Mreno angedanganyika. Lakini Fakihi? Tumeliona hilo sisi wawili mara ngapi, tukacheka mpaka machozi!

Akanitazama. Mimi nikatazama kombeo. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kireno kwamba ni kiboko jike, ana mtoto, ni hatari kusogea. Wakarudi kwa njia waliyojia.

Hapa niseme kweli, maana nisiposema hapa sitasema popote. Nilikuwa nimekusudia kumpelekea Ansumani nusu ya muhogo wangu. Niliula wote. Niliula kwa woga, macho yakiwa njiani, wala ladha yake sikuisikia.

Jioni Fakihi alikuwa mlangoni. Aliichukua guia yangu, akaitazama, akanirudishia.

"Kesho asubuhi kikapu chako nitapekua mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Kuamia kunachosha, da' Mwanaisha. Fungasha cha kushiba."

Naogopa.

Kama amenihurumia, Ansumani atakula kesho. Kama ni mtego, nitawaongoza mwenyewe mpaka alipolala. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wakubwa. Lakini kama angetaka kumkamata, si angemkamata leo, na askari anao? Au anawasubiri hao wenzake, awapate wote kwa pamoja? Nageuza upande huu, nageuza upande ule, sioni mwisho. Mama angekuwepo ningemuuliza. Hakuna wa kumuuliza. Ukuta wa jirani uko karibu mno na kila mtu ana masikio.

Maji yamechemka. Nimeweka kalamu, nimetia unga wa mtu mmoja, nikasonga, nikasimama na mwiko mkononi.

Mguu umemvimba. Hawezi hata kwenda kujichumia tunda.

Nimeongeza maji. Nimeongeza unga. Mwingine umemwagika sakafuni, lakini nimesonga wa watu wawili, na kesho nautoa kwa mlango ule ule. Mungu anisamehe kama nimemwamini asiyefaa. Na Fakihi naye anisamehe, kama nimemshuku bure.