Taa ya Kaka

4 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huko hamjambo? Mimi mzima, ila harufu ya wodi hii ya mahututi siizoei. Mama bado ana mrija kooni. Jana alinisukuma mkono, hakunijua. Taa ya juu ya kitanda chake haizimwi, usiku na mchana ni mamoja, na kila mara anakuja mtu kumtoa damu. Mkono umeiva kama biringanya bovu. Nikiuliza naambiwa ni utaratibu. Wewe ndiye daktari wetu, waambie wazime.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, wifi yako anakusalimu. Pole na uuguzaji. Usiwasumbue manesi. Mwili una saa yake: kuna homoni inayopanda alfajiri ikatuamsha, na nyingine inayopanda giza likiingia ili tulale. Kwa mgonjwa mahututi saa hiyo huvurugika, ndiyo maana Mama anaweweseka. Damu ile inaonyesha saa yake imebaki na nguvu gani. Vumilia kidogo.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Salamu zimefika. Mimi mzima, asante, ila leo kinachonikera si harufu ya wodi.

Nilimbana nesi mkuu. Akaangalia chini: "Dada, mbona unatuonea? Muulize kaka yako. Taa ni yake."

Kumbe utafiti ni wako! Taa haizimwi ili homoni zisifuate giza, uone zinavyokwenda zenyewe. Na ruhusa imetolewa kwa simu na mtoto mkubwa wa mgonjwa. Si ndiye wewe? Ulijipigia simu?

Utotoni Mama huyu alikaa nawe gizani kila usiku mpaka upate usingizi, kwa vile ulivyoliogopa. Unanitia kinyaa, Kaka. Nimemfunika macho kwa mtandio wangu.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Maneno yako yameniuma. Lakini tafadhali, mfunue mpaka kesho jioni tu. Vipimo vya Mama ni vizuri kuliko vya wote, tukikatiza hapa vimekwenda bure. Wagonjwa wengi watafaidika. Nakuomba.

Kaka yako

14 Juni

Kaka,

Huku hatujambo. Sikumfunua. Nilimwambia daktari wa zamu, manesi wakisikia, kwamba Mama hayumo tena kwenye utafiti wenu. Akazima taa. Ni swichi tu ukutani, Kaka, siku zote hizo.

Mwanzoni Mama alihangaika, kisha akalala usingizi wa kweli. Jana asubuhi nilipovuta pazia alinitazama, akaniita. Mrija walishautoa juzi. Sauti imekauka, lakini aliuliza: "Nani alikuwa ananiwashia taa?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. Nilipokutaja, aliitazama ile taa iliyozimwa. Kisha akasema, "Maskini. Bado anaogopa giza?"

Hilo mimi sikujibii. Usiniandikie tena. Njoo umjibu mwenyewe.

Mtoto wa Mama