Mashine Isiyoweka Kinyongo

Oke-Ado, Ibadan
Jumapili, baada ya kanisa

Dada Wuraola mpendwa,

Kabla ya neno lolote nakulalia kifudifudi, kifua chini, kama mdogo wa kiume anavyopaswa kumwamkia dada yake mkubwa. Najua hunioni, na mkao huu unaharibu mwandiko wangu ambao, bila kujisifu, ndio mzuri kuliko yote mtaani kwetu. Basi niinue kwa baraka zako nikae kwenye kigoda, nikuandikie vizuri. Hujambo wewe? Shemeji Folarin naye? Na yule mpwa wangu, bado anakataa uji? Mwambie mjomba wake aliukataa mpaka darasa la tatu, na bado akawa mwanamume wa kutazamwa mara mbili. Sisi hapa ni wazima. Mgahawa wa Mama unajaa kila mchana, presha ya Baba imeshuka, na mimi nimenenepa kidogo. Sababu ya kunenepa utaikuta mwishoni, ukiwa umekaa.

Barua hii namkabidhi Mchungaji Oyelaran, anayekuja huko Leeds kwenye harusi ya binti yake. Nimechagua karatasi kwa kuwa simu ya nyumba hii ni ya hadhara. Ukipiga tu, Baba anaifungulia sauti hadi mbuzi wa jirani wanasikia, kisha anajibu yeye maswali uliyomuuliza Mama. Ndivyo ulivyoambiwa kwamba mwizi wa nyama alikuwa paka na kesi imefungwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na beseni la vyombo, nikauma ulimi. Sasa nitakueleza habari za huyo paka.

Unakumbuka ulitutumia fedha za kamera baada ya jirani kuibiwa jenereta. Lakini wakati wewe unahofia lango, sisi msiba wetu ulikuwa jikoni. Mama akishapika, sufuria ya mchuzi hubaki jiko la uani, yeye anahudumia wateja mbele. Akirudi kuchota, ponmo, zile ngozi laini za ng'ombe, zimepungua, samaki wa kukaushwa amebaki kichwa. Mteja mmoja alikoroga mchuzi wake, akakoroga tena, kisha akamuuliza Mama kama amemuuzia chakula au amemtuma akachimbe dhahabu. Wateja wakaanza kuhamia ng'ambo ya barabara, kwa yule mama mwenye mdomo.

Na mbeba sufuria ni nani? Mimi. Kwa hiyo mwizi ni nani? Mimi. Nikiapa, wanasema mwizi ndiye huapa. Nikinyamaza, wanasema ninatafuna. Baba, unamjua, tangu astaafu ukarani wa mahakama nyumba yote ameigeuza mahakama. Alivaa miwani, akatoa hukumu kwamba kipande kimoja kikipotea tena, mimi nitapelekwa Saki kwa Baba mdogo Bamidele nikainue matuta ya viazi vikuu mpaka nioe. Dada, Baba mdogo Bamidele huamka kabla ya jogoo, kisha humgombeza jogoo kwa kuchelewa. Mtu mwenye kiwiliwili kama changu hakuumbwa kwa kazi hiyo. Nilikosa usingizi.

Ndipo Mama alipokuomba kamera moja ielekezwe jikoni, nawe ukasema niandamane na Baba kwenda kuchagua rekoda, kwa kuwa mambo ya nyaya ninayaweza. Nashukuru kwa kulitambua hilo. Shule niliiacha kidato cha tatu, na wako wanaosema shule ndiyo iliyoniacha mimi, lakini nipe bisibisi uone.

Tukaenda Dugbe, dukani kwa Okwudili, yule kijana anayeongea kana kwamba analipwa kwa neno. Alitukalisha, akamweleza Baba kwamba watu wengi hujisumbua na kamera, lakini kamera ni jicho tu, rekoda ndiyo kichwa, na ndani ya kichwa kuna diski, na diski ndiyo kumbukumbu. Diski ikijaa, mashine inafuta ya zamani iandike mapya. Yenye diski ndogo inasahau baada ya wiki moja. Yenye diski kubwa inakumbuka miezi miwili. Mimi nikasema papo hapo tuchukue inayokumbuka, maana kesi za nyumba yetu hazijawahi kwisha kwa wiki.

Baba akanitazama kama shahidi aliyelewa. Akamuuliza Okwudili ile ndogo ikishasahau, je, kuna namna ya kuikumbusha? Okwudili akasema hakuna, Baba, ikifuta imefuta. Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema mashine isiyosahau ni mashine inayoweka kinyongo, na nyumba inayomcha Mungu haihitaji chombo chenye kinyongo. Okwudili akamwonyesha rekoda nyingine yenye picha safi, ukitaka kuhesabu manyoya ya kuku unahesabu. Baba akauliza kuku amekosa nini mpaka ahesabiwe manyoya. Sura za watu ni amana, akasema. Akachagua ile ambayo picha yake ni kama unatazama kupitia bakuli la uji wa mahindi. Tulipokuwa tunafunga boksi, Okwudili alinivuta kando akaniambia kwamba wateja wake wote hushindania bei ishuke, ila huyu mzee wangu ndiye wa kwanza kushindania ubora ushuke.

Hapo ndipo akili yangu ilipojaribiwa, nami sikuiangusha. Nilijua ile mashine ya wiki moja itanimaliza. Kesho yake nikarudi dukani peke yangu, na boksi kwapani. Okwudili akaifungua, akatoa diski ndogo, akatia kubwa, akakaza skrubu zake. Kwa nje ni ile ile, hata Baba aliyekuwa anaipangusa vumbi kila asubuhi hakujua kwamba anapangusa tembo asiyesahau. Zile fedha ulizonitumia ninunue viatu ndizo zilizokwenda huko. Uliuliza mbona kwenye picha ya Pasaka niliweka miguu nyuma ya ndoo. Umejua sasa.

Nilizifunga kamera mwenyewe, nyaya zimenyooka kama mstari wa rula, watu walikuja kutazama. Rimoti ikawa inakaa mfukoni mwa Baba. Na kama ujuavyo, mwizi hana haya. Siku ya soko, mchana, samaki wawili wakatoweka. Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akasema leo leo, fungueni hiyo mashine nimwone. Baba akakohoa. Akasema mahakama haikurupuki. Jioni kiuno kikamuuma. Kesho yake akawa na kikao cha wazee wa kanisa. Baadaye umeme ukakatika, akasema mnaona, hata Serikali inataka tutulie. Uliporudi, akasema macho yake hayajatulia. Kila siku kesi inaahirishwa, na kila siku mimi naambiwa nianze kukunja nguo zangu taratibu. Wiki ilipopita, na siku moja ya ziada kwa usalama, Baba alioga, akavaa joho lake, ile agbada nyeupe, akatangaza kwamba sasa yuko tayari kusikiliza shauri.

Tulikaa sebuleni. Baba kwenye kiti chake, Mama na mwiko wake, mimi kwenye kigoda cha mshtakiwa, na mpangaji wetu Lasisi, yule fundi wa kuziba pancha, ambaye Mama alimwita awe shahidi kwa kuwa chumba chake kinatazamana na jiko. Lasisi alikuwa anatoka jasho kuliko mimi niliyeshtakiwa. Nikajiuliza huyu naye ana nini.

Baba akasema kwa huruma kubwa kwamba anahofia picha za siku ya soko zitakuwa zimeshafutika, mashine yenyewe ni changa, basi tutahukumu kwa tabia ya mshtakiwa. Nikamwomba kwa adabu tujaribu tu. Akanipa rimoti kama mtu anayempa mtoto simu iliyokufa. Nikabonyeza. Jiko likatokea, na tarehe ya siku ya soko juu kwenye kona. Dada, nilimtazama Baba. Miwani ilishuka yenyewe puani.

Akaingia mtu kwenye picha. Amejifunika kitenge cha Mama, kile cha zambarau, kuanzia utosini mpaka magotini, na picha ni uji mtupu, huoni pua huoni sikio. Akafunua sufuria. Akaonja mchuzi kwanza, mwizi mwenye nafasi yake. Mama akanigeukia, akasema kimo ni changu. Baba akapata uhai tena. Akasema mahakama imejionea kwa macho yake, kijana ni huyo huyo, mabega yale yale ya uvivu, lori la Saki linaondoka Jumanne. Nikahisi jembe tayari limekaa begani. Nikasema, Baba, naomba picha iendelee kidogo.

Ikaendelea. Upande wa kulia akatokea Lasisi na birika lake la udhu. Akamwona mtu wa kitenge. Akaweka birika chini. Kisha, Dada yangu, Lasisi, baba wa watoto wanne, mtu mwenye mvi za kidevu, akalala kifudifudi pale uani, kifua kwenye maji ya vyombo, akaamkia! Na yule wa kitenge, kwa mazoea tu, akatoa mkono nje ya kitenge akambariki ainuke. Mkono wenye samaki.

Mimi Akanbi, hata nikivaa kitenge cha malkia, Lasisi hawezi kunilalia kifudifudi. Mimi ndiye ninayemlalia yeye, kila asubuhi ya Mungu. Na katika boma letu lote, ukimtoa Mama aliyekuwa mbele kwa wateja, mtu ambaye Lasisi humlalia kifudifudi ni mmoja tu, na pale sebuleni alikuwa amevaa agbada nyeupe.

Mama akamgeukia Lasisi, akamuuliza kwa sauti tamu, ile sauti yake ya hatari, ulikuwa unamwamkia nani, mwanangu? Maskini Lasisi. Kumtaja mzee hawezi, kumdanganya Mama hawezi. Akatazama dari, akatazama sakafu, akasema, "Mama, mimi niliisalimia sufuria. Imenilisha miaka mingi." Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye kigoda cha mshtakiwa, na hakuna aliyenirudisha.

Baba alijaribu kusema kwamba picha isiyo na sauti si ushahidi kamili. Kisha akaivua miwani. Akasema, polepole, kwamba tangu wewe ulipomkataza chumvi na nyama kwa ajili ya presha, chakula chake kina ladha ya ukuta, na kwamba mtu anaweza kuukosa mshahara, akaukosa ujana, lakini harufu ya mchuzi wa mkewe ikimpita kila mchana ikienda kwa wateja, hiyo ni adhabu ambayo hakuwahi kuisikia ikisomwa mahakamani.

Nilidhani Mama atacheka. Hakucheka. Alimkumbusha siku ile alipoanguka bafuni na mdomo ukapinda upande, na sisi tukambeba kwenye mlango uliong'olewa. Akamwambia, "Baba Wura, mimi sitavaa nguo za ujane kwa ajili ya ponmo." Akaweka mwiko mezani, akaingia chumbani. Baba akabaki ameutazama ule mwiko. Sikuwa na mzaha wowote mdomoni, nami unanijua.

Sasa Saki nimeiepuka. Baba hakuniomba radhi, na wewe unajua mzee wa Kiyoruba hamwombi radhi mtoto, dunia itapinduka. Ila asubuhi yake nilipofungua mlango nilikuta viatu vyake vyeusi vya mahakamani, vile alivyokuwa akikataza visiguswe hata na vumbi, vimepigwa rangi vinang'aa, vimepangwa ncha zikinielekea. Vinanipwaya, nimejaza magazeti mbele. Navivaa sasa hivi ninapokuandikia.

Kamera ya jikoni Mama ameigeuza itazame lango, kama ulivyotaka tangu mwanzo. Akasema picha yenyewe ni uji, na kwa jikoni yeye amejichagulia rekoda nyingine, yenye miguu na mdomo mkubwa. Ndiyo mimi. Namwangalia Baba mchana kutwa, na jioni namsomea Mama alichokula. Wiki ya kwanza nilifanya kazi hiyo kwa ukali wa polisi.

Na hapa ndipo ungamo lenyewe, Dada, ndiyo maana nilitaka uwe umekaa. Wiki ya pili Baba aliketi karibu nami kwenye kinu kilichopinduliwa, akaniuliza, kama mtu anayenunua, diski yangu ni ya ukubwa gani. Nikamwambia ni kubwa sana, Baba, miezi na miezi. Uso wake ukawa ule wa mpwa wangu akipokonywa pipi. Basi nikamwambia kwamba Ijumaa huwa kuna hitilafu ndogo. Ijumaa, ponmo moja na samaki nusu, isiyozidi hapo, hainaswi. Anakula amefumba macho, taratibu, na nusu nyingine ya samaki ananisukumia mimi, ili shahidi naye awe mshtakiwa. Ndiyo sababu ya kunenepa kwangu. Siku nyingine zote nakumbuka kila punje, naapa kwa viatu hivi, na presha imeshuka kweli, muuguzi ameipima mbele ya Mama.

Kama ni vibaya, nigombeze mimi, usimgombeze yeye. Kama si vibaya sana, ukipiga simu siku ya Jumamosi usiulize Baba alikula nini jana.

Mama anakusalimu, hajui kuhusu aya mbili za juu. Lasisi anakusalimu, na anasema tangu siku ile akiona kitenge chochote kimeanikwa kwenye kamba anapita mbali. Mbusu mpwa wangu kila shavu, umpe uji kwa upole. Mungu akulinde na barabara za huko zenye barafu, na akurudishe kwetu kabla viatu hivi havijanitosha.

Ni mimi mdogo wako, kifudifudi tena,
Akanbi
Mtambo wa jikoni, hufanya kazi siku zote isipokuwa Ijumaa