Kofia ya Sumaku ya Mama

Wakesho mdogo wangu, baridi ya Mghange inawafanya aje? Hapa Voi jua linatupika mpaka shuka za kitanda ni moto. Lakini mama anakula viazi karai vizuri, usijali.

Sasa sikia. Leo tumeenda kwa ile mashine ya sumaku. Iko kama kofia, unawekewa kichwani, eti inaamsha ubongo wa watu wa kusahau. Daktari hakunificha, amesema bado wanaijaribu, inaweza kusaidia ama isisaidie.

Kwanza akampima mama. "Nyanya, huyu ni nani?" Mama akajibu, "Ni mama yangu." Daktari akaandika, uso umekunjamana. Nikamrukia: "We daktari, futa hapo! Mimi nina jina la mama yake. Kwetu ndiyo desturi, ananiita hivyo tangu nizaliwe." Akacheka, akafuta. Nikajiona mjanja.

Kidogo mama akanivuta leso, akaninong'oneza, "Mama, baba amerudi kutoka shamba? Usimwambie nimevunja mtungi."

Wakesho, kicheko kiliniisha. Nikamwambia daktari, "Andika tu vile uliandika."

Alipovishwa kofia alinikamata mkono. "Mama, itauma?" Nikamwambia, "Haiumi, mwanangu," na mimi mwenyewe sijui. Akatulia kabisa, macho kwangu. Mashine ikaanza kugonga ta-ta-ta, nami nikasali kimoyomoyo.

Kesho tunarudi. Tuombee, mdogo wangu. Nawapenda wote, hata jirani yako wa mdomo.

Dada yako, Mghoi