Bakuli Nyeusi ya Mama Achieng

Mama Achieng, mke wangu,

Hii hadithi ya bakuli, Rusinga yote wanaisimulia vibaya. Eti uso wangu ulifura kwa sababu ulinichapa na mwiko. Mimi! Mtu wa kunichapa bado hajazaliwa. Achieng wetu ndiye anaandika, mimi nasema, na huyu msichana anacheka.

Ilikuwa ile utomvu ya Mjapani. Yule fundi wa mbao aliyekaa kwetu, ukamwita Okoth kwa sababu alifika na mvua. Alichonga bakuli, akaipaka utomvu ya mti ya kwao, nyembamba kama jasho, akaifungia kwa sanduku na kitambaa ya maji. Nikamuuliza, "Omera, ndugu yangu, kitu inakauka aje na maji?" Akasema hii inataka unyevu, jua inaiharibu.

Sasa mimi, nimepaka mashua rangi kutoka hapa mpaka Remba, nifundishwe kukausha? Alipotoka nikaishika na mikono yangu, nikaianika juani kando ya omena yako, zile dagaa za kuuza. Jioni ilikuwa bado inanata, magamba imeshika kila mahali. Na mimi utomvu imenichoma, uso imefura mpaka macho imefunga, najikuna kama mbwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba Achieng, leo umekuwa kamongo kabisa, yule samaki wa matope!"

Okoth hakukasirika. Aliisugua yote, akaanza upya. Akienda kazi, ni wewe ulikuwa unalowesha kitambaa. Anapaka, inakauka, anasugua, anapaka tena, mpaka mimi nikachoka kuangalia. Ikatoka nyeusi, unaona meno yako ndani. Uji ikiwa moto namna gani, mkono haiungui. Hukukunywa uji na kitu ingine tena.

Sasa tumekuzika. Watu wananiangalia, wanangoja nilie. Sina kitu. Nakula, sijui nimekula nini. Juzi nilivaa kiatu moja, nikakaa tu hivyo mpaka jua ikaingia mlangoni. Nawatania wageni, wanacheka, na mimi najisikia kama redio ya jirani.

Dada zako wakaja kugawa vitu zako. Nguo, sufuria, nikasema chukueni. Yule mkubwa akashika bakuli. "Shemeji, hii pia ni ya dada yetu."

Hapo tu ndio nilisikia kitu, kama mtu amenikanyaga kidole. Nikamwambia, "Wacha hiyo. Kule wodi Homa Bay aliniambia mwenyewe, bakuli ibaki na mzee wangu." Akairudisha pole pole. Siku hizi wanasimulia hiyo maneno kanisani, akina mama wanapanguza macho.

Lala salama, nyar Gwassi, binti wa Gwassi.

Lakini wewe unajua. Kule wodi hukusema kitu yoyote. Ulikuwa umegeukia ukuta, na mimi nilikuwa naongea tu, juu ya mahindi na mvua.

Achieng ameacha kuandika, ananiangalia. Nimemwambia, andika.

Mzee wako,
Baba Achieng