Siku Fundi Alipozima Mashine

Neema mjukuu wangu,

Huku kambini Nakivale tumepumua. Mvua imerudi na mjomba wako ametoka hospitali. Unauliza kama ni dharau kifaa ulichokiunda kwenye satelaiti kuzimwa kwa muda, eti umeme wake usivuruge kipimo cha sumaku cha wenzako.

Vita vilipotutenganisha, nilikuwa kibarua mtaa wa Ruti, upande huu wa mpaka, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Redioni walisoma majina ya waliovuka mpaka, lakini mashine yetu iliijaza redio mikwaruzo.

"Wewe Mukongomani, unatafuta muziki?" fundi alinitania aliponiona nimetega sikio redioni.

"Natafuta muke wangu."

Akazima mashine, mteja akanuna. Likasomwa jina la bibi yako, na la mtoto mchanga ambaye sikujua amezaliwa. Huyo ndiye mama yako.

Mashine ile haikuchomelea chochote dakika zile, na hakuna kazi yake ninayoishukuru zaidi.

Babu yako anayekuombea